Beti za Dunguni

Valeriani alipofika Ifakara kutoka upande wa Mahenge alikuwa na miaka ishirini na sita, godoro la kukunja, na redio ambayo ilibidi uipige kofi ndipo iseme. Miaka minane baadaye godoro lilikuwa limechakaa, redio imekufa kabisa, na yeye bado alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Viwanja Sitini. Alibeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga, alichanganya zege, alichimba misingi ya nyumba za watu. Mara mbili alikodi shamba bondeni, na mara zote mbili mto Kilombero ulipanda ukakaa juu ya mpunga wake wiki tatu. Mwaka wa tatu hakukodi. Alitafuta mtu mwenye shamba asiyetaka kulala bondeni, akaajiriwa kuamia ndege.

Hakuwa mnyonge. Watu walimwona akipita na jembe la kuazima begani, shati lina kiraka mgongoni, akitembea kama mtu anayekwenda kufungua duka lake. Alikuwa na kitu kimoja alichokijua kuwa ni chake, nacho ni mashairi. Mwalimu wake wa darasa la tano aliwafundisha kuhesabu mizani kwa vidole, nane huku, nane kule, na mtoto aliyekosea alirudia mstari mpaka ukae sawa. Wenzake walisahau mwaka uleule. Valeriani hakusahau.

Sababu ya kutosahau aliijua mwenyewe. Baba yake alimpenda sana mama yake, na kijiji kizima kilijua hivyo isipokuwa mama mwenyewe. Mzee yule alikuwa mtu wa kazi na kimya. Alikata kuni, alijenga uzio, alimpeleka mkewe hospitali kwa baiskeli kilometa nyingi za mlima, lakini neno jema halikumtoka mdomoni. Mama alipofariki, mzee alisimama kaburini akazungumza. Alieleza alivyomwona mara ya kwanza akitwanga, alivyopenda anavyocheka kwa kufunika mdomo, alivyomwogopa kidogo. Alizungumza mpaka padri akakaa chini. Valeriani alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alichokumbuka cha siku ile ni hasira. Alijiuliza kwa nini maneno yote yale yanaingia ardhini, wakati aliyestahili kuyasikia alikuwa jikoni miaka yote. Akajiapia kwamba yeye, akiwa nacho asiwe nacho, la kusema atalisema mapema.

Basi mwaka huo, mwezi wa nne ukielekea mwishoni, alihamia bondeni. Kuamia ndege ni kazi inayodharauliwa na wasiowahi kuifanya. Mpunga ukishaanza kuingia maziwa, punje zikiwa bado laini, kweleakwelea hushuka kwa maelfu, na kundi moja likikaa shambani kwa muda wa kunywa chai, utavuna makapi. Kwa hiyo mwamiaji huwa juu ya dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, kabla jua halijachomoza. Ana kombeo la katani na vidonge vya udongo, ana makopo yaliyofungwa kwenye kamba, na zaidi ya vyote ana koo lake. Anapiga kelele asubuhi mpaka jua kali, anapumzika ndege wakipumzika, anaanza tena alasiri mpaka warudi kulala.

Siku ya nne Valeriani alichoka kusema "haa, haa." Neno moja mtu hawezi kulisema kutwa bila kuingiwa na wazimu. Kundi lilipotua kona ya mashariki, alisimama juu ya dungu, akavuta kamba ya makopo, akapaza sauti:

*Ndege nenda kwa tajiri,*
*mwenye ghala la fahari,*
*huku kwetu ni hatari,*
*hata sisi tuna njaa.*

Ndege wakaruka. Kutoka dungu la upande wa magharibi, Mzee Teofili, aliyekuwa akilinda shamba lake mwenyewe kwa mwaka wa thelathini na ushee, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akamwambia Valeriani kwa sauti kwamba huyo tajiri mwenye ghala ndiye aliyemwajiri, na ndege wakitii watamaliza shamba lilelile. Valeriani akajibu kwamba mwenye shamba ana ghala mjini, ndege waende huko.

Alirudia ubeti ule mara nyingi asubuhi ile. Kundi la tatu lilipoinuka, halikwenda mbali. Lilivuka jaruba moja tu likatua shamba la mashariki, na huko akasikia sauti ya mwanamke, nene kidogo, isiyo na haraka:

*Usiwape njia huku,*
*nimechoka kila siku,*
*ndege wako kama kuku,*
*wahamia kwa jirani.*

Valeriani alihesabu kwa vidole bila kujua kuwa anahesabu. Nane, nane, nane, nane. Vina vimekaa. Akasahau ndege.

Mwanamke huyo aliitwa Eufrasia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na shamba lile la ekari moja na nusu lilikuwa la marehemu baba yake. Mama yake, Levina, aliishi Kiberege, barabarani kuelekea Kidatu, naye Eufrasia huko ndiko alikozaliwa, lakini kila msimu alishuka bondeni peke yake na sufuria, chandarua na simu ya vitufe. Haya Valeriani aliyajua kwa Mzee Teofili, ambaye pia alimweleza, bila kuulizwa, kwamba dada yule aliwahi kukaa na mwanamume miaka miwili. Mtu mwenye maneno matamu. Siku moja alisema anakwenda machimboni kutafuta mahari, na hakurudi. Baadaye ikasikika ameoa huko.

Kuanzia siku ile ndege wa mashamba yale mawili walifukuzwa kwa beti. Valeriani akianza, Eufrasia anamaliza, au kinyume chake. Walitukana kweleakwelea, waliwaita wakaguzi, waliwaita wageni wa harusini wasiochanga. Ulikuwa mchezo, na bonde lote lilisikia. Majirani wa mbali walikuja jioni kuuliza ubeti wa asubuhi uliishaje.

Lakini Valeriani alikuwa pia anatazama. Dunguni mtu huona mbali. Kila asubuhi, kabla ndege hawajaamka, alimwona Eufrasia akizunguka shamba lake peku. Palipokuwa na mpunga uliolazwa na upepo wa usiku, aliinama, akaukusanya kwa viganja viwili, akaufunga shina kwa shina kwa unyasi ili usimame. Aliona midomo yake ikitembea, akajua anasali. Alimaliza shamba zima ndipo akawasha moto wa uji. Siku nyingine ndege walimwahi, na uji akaunywa saa sita mchana ukiwa umepoa.

Wiki ya pili, asubuhi moja, ndege wakiwa wachache, Valeriani alisimama akaelekea mashariki na kusema ubeti ambao haukuwa wa ndege:

*Mpunga uliolala*
*wauinua kwa sala,*
*tumbo lako halijala,*
*nani akuinuaye?*

Hakujibiwa. Mzee Teofili naye hakucheka. Alasiri hakujibiwa, kesho yake hakujibiwa. Eufrasia alifukuza ndege wake kwa kopo tu, kwa siku tatu nzima, na kopo lile Valeriani alilisikia kama mtu anayegonga mlango wa jirani ili yeye asikie.

Siku ya nne saa sita mchana, ndege wakiwa wamepumzika, Eufrasia alikuja mpaka kwenye tuta la mpaka baina ya mashamba mawili na kumwita. Valeriani akashuka. Walikuwa hawajawahi kusimama karibu vile. Eufrasia alikuwa mrefu kuliko Valeriani alivyomdhania, na uso wake ulikuwa umekaza.

"Kaka Valeriani," alisema, "mambo yangu umeyatangaza bonde zima. Sasa kila mtu anajua ninakunywa uji saa ngapi."

Valeriani aliona kwamba ni kweli. Alichokiona kilikuwa cha Eufrasia, yeye alikichukua bila kuomba, akakipigia kelele. Akamwambia hivyo hivyo, na akaomba radhi.

Eufrasia hakuondoka. Alivunja kijiti, akakitupa majini. "Yule wa kwanza naye alikuwa na maneno," alisema. "Naambiwa umeshapewa habari zake. Aliniita malaika, aliniita ua, aliniita nyota. Ya kwako yana tofauti gani?"

"Aliwahi kukwambia siku ile umefanya nini?"

Alifikiri. "Hapana. Hilo hakulisema hata siku moja."

"Mimi malaika sijawahi kumwona," Valeriani alisema. "Nakuona wewe. Leo umefunga mashina ya kona ile ya mtaro mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza unyasi ulikatika. Sina shamba, dada, wala sina kitu nitakachokuletea mkononi. Ninachoweza ni kuona vizuri na kusema vizuri. Hicho ninacho cha kutosha."

Alisema bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayetaja urefu wake. Baadaye sana Eufrasia alikiri kwamba kilichomgusa ni hilo. Wanaume maskini aliowajua walikuja ama kwa majivuno ya uongo ama kwa kujihurumia, na huyu hakuwa na hata moja.

Siku ile alimjibu kwa masharti tu. La ndege awaambie ndege. La kwake aje aliseme pale kwenye tuta, mchana, kwa sauti ya kawaida.

Wakakubaliana. Kila saa sita Valeriani alikwenda kwenye tuta na ubeti mmoja. Siku nyingine ulikuwa wa jinsi Eufrasia anavyoing'ata punje kupima maziwa na kutazama mbali kama anayesubiri jibu. Siku nyingine ulikuwa wa kovu la mundu kwenye goti. Eufrasia alisikiliza akila mahindi ya kuchemsha, akamkatia nusu. Mstari uliokuwa legelege hakuuacha upite. Mara moja alimwambia amepachika neno "mahaba" kwa ajili ya kina tu, arudi nalo akalifikirie. Valeriani alirudi dunguni akicheka peke yake. Maishani mwake hakuna aliyewahi kuyasikiliza mashairi yake mpaka kuyakosoa.

Mwezi wa tano ndege walizidi. Lilikuwa kundi kubwa lililotoka ng'ambo ya mto, na watu wa madungu yote walipiga kelele bila kupumzika siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Valeriani aliamka, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Si kukwaruza, bali kimya kabisa. Alijaribu tena, akatoa pumzi kama baiskeli iliyotoboka. Akavuta makopo kwa nguvu zake zote, akarusha vidonge kwa kombeo mpaka bega likauma, lakini makopo ndege walishayazoea. Aliwaona wakitua kona ya mashariki, wakainamisha mashuke, na yeye amesimama juu ya dungu na mdomo wazi.

Ndipo alipoona kitu kinakuja juu ya tuta mbio. Eufrasia alikuwa amevuka mpaka, kanga amejifunga kiunoni. Alisimama katikati, pale anapoweza kuyaona mashamba yote mawili, akaanza. Alisema ubeti wa tajiri, akasema ule wa wakaguzi, akasema ule wa harusi, zote alizozitunga Valeriani, neno kwa neno, hakuna alichosahau. Akikimbia huku na kurudi kule, aliyafukuzia ndege mashamba mawili kwa sauti ile nene mpaka saa nne. Valeriani alivuta kamba kila aliponyooshewa kidole.

Walipopata nafasi ya kupumua, Valeriani alichukua simu yake akaandika. Meseji ikaingia kwa Eufrasia kule kwenye tuta:

*Sauti imekauka,*
*maneno hayajachoka,*
*hata ndege wakicheka,*
*Eufrasia ni wangu.*

Alimwona akisoma. Alimwona akisoma mara ya pili, midomo ikitembea, vidole vikihesabu. Kisha kundi jingine likainuka upande wa mto na kuja, na Eufrasia hakuwa na muda wa kuchagua la kupiga kelele. Au pengine muda alikuwa nao. Aliinua uso, akausema ubeti ule kwa sauti iliyofika madungu yote, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na alipofika wa mwisho akasema:

*Valeriani ni wangu.*

Jina lilikaa pahali pa jina bila mizani kupungua wala kuzidi. Ndege waligeuka. Kule magharibi Mzee Teofili alichukua debe lake akalipiga, na madungu mengine yakaitikia kwa makopo, dungu baada ya dungu, kuelekea mtoni. Valeriani akakaa chini kwenye sakafu ya miti.

Walivuna mwezi wa sita. Mwenye shamba alimlipa Valeriani kwa mpunga, akamwongezea gunia kwa kuwa shamba halikuliwa. Sauti ilirudi polepole, nzito kidogo kuliko zamani, na ikabaki hivyo.

Mwezi wa saba Mzee Teofili alikubali kuwa mshenga, wakaenda Kiberege. Valeriani alivaa shati lake mwenyewe. Teofili alitaka kumwazima la kwake jeupe, akakataa kwa adabu, akasema wakimkubali ndani ya shati la mtu watakuwa wamemkubali mtu mwingine. Ukweni walimkuta Mama Levina amekaa kwenye mkeka na mjomba wa Eufrasia kwenye kiti. Wakaamkia, shikamoo zikaitikiwa, maji yakaletwa, habari za mavuno zikaulizwa kwa kirefu kama inavyopasa. Teofili alieleza kilichowaleta. Mjomba akauliza kijana ana nini.

Teofili alianza kupamba, lakini Valeriani akaomba ruhusa ajibu mwenyewe. Akasema ana magunia manne ya mpunga, chumba cha kupanga, na afya. Shamba hana, mto ulichukua mara mbili. Kazi haogopi. Mjomba alitikisa kichwa polepole na kutazama nje.

Mama Levina ndiye aliyezungumza. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho makali. "Nimesikia unamtungia mwanangu mashairi," alisema. "Hata hapa Kiberege wameyasema. Haya, basi. Kwa kuwa ndicho ulichonacho, tusomee moja tulisikie."

Teofili alimgusa Valeriani kwa kiwiko, uso wake umefurahi, kwa maana hapo ndipo alipotegemea washinde. Eufrasia alikuwa amesimama mlango wa uani, na yeye pia akasubiri.

Valeriani alimgeukia Mama Levina. "Mama," alisema, "nisamehe. Yale niliyomtungia nimeshampa. Ni yake sasa, hata mimi siwezi kuyatoa bila idhini yake. Nikiyasoma hapa ili nikubaliwe, nitakuwa nimemnyang'anya nikayafanya bei."

Teofili akafumba macho. Mjomba akakohoa, akasema kwamba hii ni mara ya kwanza kumwona mchumba anayekuja mikono mitupu na bado anakataa alichoombwa.

Mama Levina alimgeukia binti yake mlangoni. "Ni kweli ni yako?"

"Ni yangu, mama."

"Na utatusomea?"

"Hapana," Eufrasia alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

Mama Levina akanyoosha miguu yake kwenye mkeka, akaikunja tena. Alisema, kwa kaka yake hasa, kwamba yule wa kwanza alipokuja nyumba hii alimwaga maneno kwa kila mtu, mpaka mbwa alisifiwa. Watu wote walipewa, na binti hakubakiziwa kitu. "Mtu anayekatalia kitu, ana kitu," alisema. "Mimi nimemwona. Wewe zungumza naye ya mahari."

Mjomba akazungumza, na hakuwa mwepesi. Ilikubaliwa kwamba sehemu italipwa kwa mpunga na sehemu kwa kazi: Valeriani atalima shamba la mkwewe Kiberege msimu mmoja kabla ya ndoa. Alililima. Wanakijiji walizoea kumwona asubuhi na jembe, na Mama Levina akizunguka nyuma yake akikagua kina cha matuta. Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, wakafunga ndoa kanisani. Mzee Teofili alisimama upande wa bwana harusi, na lile shati jeupe alilivaa yeye.

Asije mtu akadhani beti zilifanya kila kitu. Mwaka wa kwanza walijenga chumba kimoja cha tofali mbichi na paa la nyasi pembezoni mwa mji, na Valeriani aliahidi kuongeza nyasi kabla ya masika. Hakuongeza. Kulikuwa na kazi za watu, na jioni alipenda kukaa na daftari. Mvua ya kwanza kubwa ilipokuja, maji yalishuka kitandani. Asubuhi alimkuta mkewe anakamua blanketi, akataka kumchekesha:

*Mvua nayo yatupenda,*
*hadi ndani imekwenda...*

Hakufika mstari wa tatu. Eufrasia aliweka blanketi chini. "Leo sitaki ubeti, Valeriani. Nataka nyasi."

Hakupiga kelele, na ndiyo maana neno liliingia. Valeriani alivaa viatu vya mpira, akaenda kuomba nyasi kwa Mzee Teofili, akazibeba kichwani safari tano matopeni, na kufikia alasiri alikuwa juu ya paa. Eufrasia alimrushia mafungu kutoka chini. Alipokuwa huko juu, akifunga fungu kwa fungu, Valeriani alimkumbuka baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kumkumbuka. Aliona kwamba zile kuni na ule uzio na ile baiskeli ya mlimani nazo zilikuwa zinasema, na kwamba hasira yake ya utotoni ilikuwa na haki nusu tu. Mzee alikuwa na mkono bila mdomo. Yeye alikuwa karibu kuwa na mdomo bila mkono. Aliposhuka alimwambia mkewe hivyo, bila mizani, na Eufrasia akamwekea maji ya kuoga.

Sasa wanalima pamoja ile ekari moja na nusu, na wameongeza ekari moja ya kukodi. Mwaka jana mto ulikuwa na adabu. Kuna mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu anayepiga kopo vizuri kuliko anavyotembea. Bondeni, msimu wa ndege, utasikia beti kwenye madungu matatu manne, nyingine mbovu sana, na Eufrasia husimama juu ya dungu akawasahihisha watu kutoka mbali.

Watu huja pia kuomba watungiwe. Valeriani huwa anakataa, wala si kwa ubahili. Mwezi uliopita alikuja Angelina, mke wa kijana anayefanya kazi ya kupanda miti Uchindile. Mumewe hurudi baada ya miezi miwili, na simu zao zimekuwa za unga na sabuni tu. Angelina alitaka ubeti mmoja wa kumtumia kwa meseji, na alikuwa ameleta kuku mikononi.

Valeriani alimkaribisha kwenye kigoda, akamwambia kuku arudi nyumbani. Akamuuliza mumewe akiingia ndani jambo la kwanza anafanya nini.

Angelina alicheka kwa aibu, akasema hafanyi kitu, anaingia tu.

"Fikiri vizuri, dada. Umemwona mara nyingi."

Akafikiri. Kuku akatulia mapajani pake. Kisha akasema, taratibu, kwamba mumewe akiingia hugusa mtungi kwa nje, kwa kiganja, kujua kama maji yamo. Kama hayamo huchukua ndoo kabla hajavua viatu. Hajawahi kusema lolote juu ya hilo. Naye hajawahi kumwambia kwamba huwa anamwona.

"Hapo ndipo palipo na shairi lako," Valeriani alisema. "Mimi siwezi kulitunga. Simjui mtu huyo, wewe unamjua."

Eufrasia alitoka ndani na mtoto mgongoni, akakaa chini karibu na Angelina, akamfundisha kuhesabu kwa vidole, nane, na kuanza tena. Walikaa pale karibu saa nzima wakivunja mistari na kuiunga. Mara mbili Valeriani alitaka kuingilia, mara mbili mkewe alimzuia kwa jicho. Angelina alipoinuka hakuwa na ubeti kamili, alikuwa na mistari mitatu, na wa tatu unachechemea. Alisema huo wa nne ataupata njiani. Akaondoka na kuku kwapani, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja, na alipofika kwenye mashina ya migomba wakamwona anasimama, anarudi nyuma hatua mbili, anaanza kuhesabu upya.